Somo: Injini ya Ford Model A inayosumbua kuwaka, anza na umeme

Wakuu, somo hili ni la wenye hotirodi (magari ya zamani yaliyofanyiwa marekebisho) zinazotumia injini ya Ford Model A ya 1928 hadi 1931: silinda nne, lita 3.3, valvu ziko ubavuni. Tatizo ni lile lile tunaloulizwa kila mara. Unapiga stata hadi betri inachoka, injini inakohoa, inanyamaza.

Kabla ya yote, usikimbilie kabureta. Inabeba lawama kwa sababu ndiyo inayonuka petroli. Kwenye Model A tanki liko juu, chini tu ya kioo cha mbele, petroli inashuka yenyewe na hakuna pampu ya kuharibika. Mara nyingi ubishi uko kwenye umeme. Weka gia huru, vuta hendibreki, tuanze.

Hatua ya 1: Betri na nyaya

Mfumo wa asili ni wa volti 6, na chanya ndiyo arthi. Kwa volti 6 stata inakula ampea nyingi mno, kwa hiyo waya mwembamba uliotolewa kwenye gari la volti 12 haufai hata ukiwa mpya. Weka mita kwenye vichwa vya betri, mwenzako apige stata. Ikishuka chini ya volti 4.5, koili (inayopandisha volti ili cheche ipatikane) nayo inapata hicho kidogo kilichobaki, na cheche inakufa wakati unapoihitaji.

Kisha gusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa cha chanya na nyingine kwenye chuma kitupu cha bloku, piga stata tena. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, arthi ni mbovu. Hotirodi nyingi zimepakwa rangi nzuri mpaka chini ya bolti ya arthi. Fungua, kwangua hadi chuma king'ae, kaza. Ongeza na waya wa arthi kutoka bloku hadi chasisi.

Hatua ya 2: Cheche

Chomoa waya wa koili kwenye distribyuta (inayogawa cheche kwa plagi), ushike kwa koleo yenye mpira, ncha ikae milimita 6 kutoka kwenye bolti ya silinda hedi. Usifanye hivi penye petroli iliyomwagika. Swichi ikiwa imewashwa, piga stata. Unataka cheche ya buluu inayopasuka kwa sauti. Ya njano na nyembamba haitoshi.

Ikiwa dhaifu, angalia platini, yaani vile vipande viwili ndani ya distribyuta vinavyofunga na kufungua umeme wa koili. Zungusha injini kwa mkono hadi zifunguke kabisa, pima gepu: milimita 0.46 hadi 0.56. Zisugue kidogo, halafu pitisha kikaratasi safi katikati yake. Kikitoka na weusi, rudia. Kondensa (kile kikopo kidogo kinacholinda platini) inakaa kwenye joto na hufa bila dalili, ibadilishe tu.

Kitu ambacho wengi hawakioni ni kile kiwaya kifupi ndani ya distribyuta, kati ya sahani ya juu na ya chini. Kila ukisogeza mkono wa cheche kwenye usukani (ule wa kuwahisha au kuchelewesha cheche), kinajikunja. Ganda lake likipasuka kinagusa chuma: leo gari linawaka, kesho haliwaki. Chukua tochi ukitazame.

Koili nayo: arthi ikiwa chanya, upande wa hasi unaelekea kwenye betri na upande wa chanya unaelekea kwenye distribyuta. Ukigeuza itafanya kazi, lakini cheche inapungua nguvu.

Hatua ya 3: Taimingi

Wakati wa kuwasha, mkono wa cheche uwe juu kabisa. Ukiwa chini, injini inarudisha teke. Linaweza kuvunja stata, na kwa anayetumia krenki ya mkono, kifundo cha mkono.

Kuhakiki, chomoa pini ya taimingi kwenye kifuniko cha gia mbele, igeuze, uisukume ndani huku ukizungusha injini taratibu. Ikizama kwenye kishimo, pistoni ya silinda namba moja iko juu. Hapo roto (kimkono kinachozunguka ndani ya distribyuta) ielekee namba moja na platini ziwe ndiyo zinaanza kufunguka.

Hatua ya 4: Petroli

Sasa ndipo kabureta. Fungua kizibo chake cha chini, kinga kwa chombo. Petroli ikianza kwa nguvu kisha ikafifia, kuna uchafu njiani au tundu la hewa kwenye kifuniko cha tanki limeziba. Choki ivutwe kwa mizunguko miwili mitatu tu, uiachie, la sivyo plagi zinalowa.

Hatua ya 5: Kompresheni

Hedi ya kiwandani ina uwiano wa 4.22 kwa 1, hivyo usitishwe na namba ndogo. Linganisha silinda kwa silinda. Mbili zinazopakana zikiwa chini, shuku gasketi. Zote zikiwa chini, tia mafuta ya injini kidogo upime tena: zikipanda ni ringi, zisipopanda ni valvu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Fundi, langu asubuhi linawaka vizuri, likipata moto nikizima haliwaki mpaka lipoe.*

Mkuu, sikiliza stata. Ikizunguka kwa uzito, rudi hatua ya 1. Ikizunguka vizuri, pima cheche hapo hapo kabla halijapoa. Ikikosekana, ni kondensa au koili.

*Nimeweka betri ya volti 12. Koili ya zamani niiache?*

Hapana kaka. Itachemka na platini zitaungua. Weka koili ya volti 12, na kama inadai rezista ya nje usiiruke.

*Mimi nina Stromberg 97 mbili na pampu ya umeme, plagi zinalowa kila siku.*

Punguza presha. Kabureta hizo zinataka psi 2.5 hivi, ikizidi, petroli inaisukuma sindano ya floti na kufurika. Funga regyuleta.

*Nimefunga distribyuta ya kisasa, injini inatema moto kwenye kabureta na haiwaki kabisa.*

Umepanga nyaya kwa mfuatano wa silinda kuwaka wa 1-3-4-2 kwa mazoea, sivyo? Model A ni 1-2-4-3. Badilishana waya wa plagi namba mbili na namba tatu, upige tena.