Somo: Kupanga jaribio la kitabibu ambalo nesi wa Ahero, Kisumu, ataweza kulitumia

Wenzangu, swali hili nimeulizwa na wengi faraghani: "Nataka kufanya jaribio hapa Kisumu kwa ajili ya shahada yangu, nianzie wapi?" Leo nalijibu mbele ya wote. Nimeratibu majaribio ya kitabibu upande huu wa ziwa kwa miaka mingi, na kuna jambo moja ambalo bado linaniuma.

Tulikuwa na mradi wa presha katika kituo kimoja cha afya. Tulichagua wagonjwa wasio na kisukari, wasiozidi miaka 60, wanaokaa karibu na lami. Nauli tuliwalipa. Nesi wa mradi hakuwa na kazi nyingine ila kuwapigia simu wanywe dawa. Presha zilishuka, ripoti ikapendeza. Siku ya mwisho gari lilikuja kuchukua vifaa. Nesi wa kituo alisimama mlangoni akitazama mashine ya presha ikitiwa kwenye katoni, mpira wake umeviringwa vizuri, gundi ikipigwa juu. Akaniuliza, "Na hawa wa Jumanne nitawapima na nini?" Sikuwa na la kumjibu. Dawa ilikuwa nzuri kweli, lakini sisi tulikuwa tumeipima katika kituo ambacho hakipo.

Hatua ya 1: Andika uamuzi kabla ya kuandika swali

Chukua karatasi, uandike sentensi moja: nani ataamua nini tofauti matokeo yakitoka. Kwa mfano: "Afisa wa kliniki wa Ahero, akiletewa mtu mzima mwenye presha na kisukari, ataanza na dawa hii au ile." Ukishindwa kumtaja mwamuzi, jaribio lako halina mwenyewe. Ukimpata, mfuate alipo. Muulize: matokeo yakiwa hivi utabadilisha nini? Yakiwa kinyume je? Akikupa jibu lile lile mara mbili, tafuta swali jingine. Muulize pia mfamasia wa kaunti kama dawa hiyo huwa inaletwa na KEMSA, shirika la serikali linalosambaza dawa, au itabidi mgonjwa ainunue mwenyewe. Mimi naipa hatua hii mwezi mzima, na sijawahi kuujutia.

Hatua ya 2: Jua aina ya swali lako

Mwaka 1967 Wafaransa wawili, Schwartz na Lellouch, walitenganisha maswali mawili ambayo watu walikuwa wakiyachanganya. La kwanza: je, tiba hii inaweza kufanya kazi hali zote zikiwa shwari? La pili: kati ya tiba mbili, tuchague ipi katika huduma ya kila siku? Yote mawili ni halali. Kosa ni kufanya la kwanza halafu kutangaza kwamba umejibu la pili.

Kuna chombo kiitwacho PRECIS-2, kilichotoka mwaka 2015, cha kupima jaribio linafanana kiasi gani na huduma ya kila siku. Kina vipengele 9: nani anaingia, anapatikanaje, anatibiwa wapi, na kadhalika. Kila kipengele unakipa alama kuanzia 1 hadi 5. 5 maana yake ni sawa kabisa na huduma ya kawaida. Ule mradi wetu wa presha ungepata 1 karibu kila mahali. Kijazeni pamoja na nesi wa kituo. Yeye ataona mambo ambayo msimamizi wako wa chuo hayaoni.

Hatua ya 3: Tiba itolewe na watu waliopo

Jaribio moja la hapa Kenya nalipenda sana. Watu 538 walioanza dawa za virusi vya UKIMWI waligawanywa kwa nasibu, yaani kwa bahati tu, bila mtu kuchagua. Nusu yao walitumiwa ujumbe wa simu mara moja kwa wiki. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48, na asiyejibu au mwenye shida alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: waliofuata dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 kwa waliopata ujumbe, na 50 kwa wasiopata. Hakukuwa na mashine ya ajabu wala simu ya bei ghali, na hakuna katoni ambayo ingekuja kufungwa siku ya mwisho.

Hatua ya 4: Linganisha na kinachofanyika leo

Kama kituo tayari kinatoa dawa fulani, linganisha na hiyo. Nesi hachagui kati ya dawa yako na kidonge kitupu kisicho na dawa.

Hatua ya 5: Pima kitu ambacho mgonjwa angekitaja mwenyewe

Kipimo cha damu kinapendeza kwenye jedwali, lakini mama aliyembeba mtoto anauliza: atapona? Jaribio la FEAST lilifanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, zile za kawaida zisizo na chumba cha wagonjwa mahututi. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri walipewa maji mengi ya haraka kwenye mshipa, au hawakupewa. Tokeo kuu lilikuwa kifo ndani ya saa 48. Wengi tulidhani tunajua jibu, kwa kuwa maji ya haraka yalikuwa kwenye miongozo. Mwaka 2011 jibu likatoka: waliopewa walikufa karibu 11 katika kila 100, wasiopewa 7. Swali liliulizwa palepale ambapo jibu lingetumika, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema "hiyo ni ya Ulaya". Nanyi andikeni matokeo hivyo hivyo, wangapi katika kila 100, ili afisa wa kliniki ayaelewe akiwa amesimama.

Hatua ya 6: Ratiba ifuate maisha ya watu

Wavuvi wa omena huingia ziwani usiku wa giza, taa zikiwaka, kwa sababu mbalamwezi huharibu mtego. Ukimpangia mvuvi wa Dunga au Usenge tarehe za kliniki bila kutazama mwezi, utamwandika "amepotea" ilhali amelala mchana baada ya kazi ya usiku. Vivyo hivyo siku ya soko na msimu wa kupalilia. Kila mshiriki anayepotea anaondoka na sehemu ya jibu lako.

Hatua ya 7: Vibali

Kamati ya maadili, NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi inayotoa vibali vya utafiti), idara ya afya ya kaunti, na Bodi ya Dawa na Sumu ikiwa ni jaribio la dawa. Anza mapema.

Maswali ya wanachama

Nesi, Bondo: Mwalimu, nikimpokea kila mgonjwa, wenye kisukari na wazee na wanaosahau dawa, matokeo si yatavurugika?

Jibu: Dada, tofauti utakayoiona itakuwa ndogo zaidi, hilo ni kweli, na utahitaji watu wengi zaidi. Lakini hiyo ndiyo tofauti utakayoipata Jumanne kliniki. Wanaosahau dawa usiwaondoe kwenye hesabu; kila mtu ahesabiwe katika kundi alilopangiwa tangu mwanzo. Unaowazuia wasiingie tangu mwanzo ni wale tu ambao dawa inaweza kuwadhuru.

Mwanafunzi, Maseno: Shikamoo. Nataka kugawa zahanati badala ya wagonjwa mmoja mmoja. Hesabu yangu inasema watu 400. Inatosha?

Jibu: Marahaba. Haitoshi. Wagonjwa wa zahanati moja hufanana, kwa hiyo kila mmoja anakupa habari pungufu. Chukua idadi ya wagonjwa kwa kila zahanati, toa 1, zidisha kwa kiwango cha kufanana (namba kati ya 0 na 1 inayoonyesha wagonjwa wa zahanati moja wanafanana kiasi gani), kisha ongeza 1. Ukiwa na wagonjwa 50 kila zahanati na kiwango cha 0.02, unapata 1.98. Zidisha 400 kwa hiyo: 792, yaani zahanati 16. Ukikosa fedha, ongeza zahanati na upunguze wagonjwa kwa kila moja. Usifanye kinyume chake.

Mhamasishaji wa afya ya jamii, Nyakach: Watu wetu wanaogopa kutolewa damu, na wakisikia "bahati nasibu" wanadhani kuna zawadi. Tuwaelezeje?

Jibu: Asante sana, swali hili lingekuwa hatua nzima. Msiseme mililita 5, waonyesheni kijiko kimoja cha chai. Msiseme bahati nasibu, semeni ni kama kuokota karatasi kwenye kofia bila kuangalia: daktari hachagui, wewe huchagui. Fomu isomwe kwa Dholuo, halafu mwombe mtu akueleze alichosikia. Akieleza vibaya, kosa ni la fomu yenu. Na matokeo yarudishwe barazani kabla hamjayapeleka kwenye mkutano wowote Nairobi.

Mfamasia, Kakamega: Jaribio likikosa kuonyesha faida, si tumepoteza muda wa watu?

Jibu: Ndugu, huko kwenu ndiko kwenye mfano mzuri. Katika vijiji vya Bungoma, Kakamega na Vihiga, wajawazito zaidi ya 8,000 waliingia katika jaribio la maji yaliyotiwa dawa, vyoo, kunawa mikono na lishe ya watoto. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Maji, vyoo na kunawa havikupunguza kuhara kwa watoto. Nchini Bangladesh, jaribio pacha lilipunguza. Lakini kule wahamasishaji walizitembelea nyumba mara nyingi kwa mwezi; huku ilikuwa kama mara moja tu, karibu na kile ambacho kaunti ingeweza kukiendeleza. Anayepanga bajeti ya kaunti anahitaji sana kulijua jibu hilo, alimradi uliandika tangu mwanzo ziara ni ngapi, nani alikwenda na alibeba nini. Usipoandika hayo, "haikufanya kazi" haimwambii mtu chochote.