Kilainishi: soma kwanza pakiti ya kondomu

Kondomu ikipasuka, lawama huangukia kiwanda, au ukubwa wa mhusika, au haraka ya usiku ule. Kopo la mafuta ya mgando lililo pembeni mwa kitanda, yanayopakwa kama kilainishi cha tendo, halishukiwi.

Mafuta na kondomu ya lateksi havikai pamoja. Mafuta hupenya ndani ya mpira na kuulegeza, na jicho halioni kitu: kondomu inang'aa vilevile, ukiivuta inavutika, halafu inachanika katikati ya tendo. Vipimo vya maabara vilivyochapishwa mwaka 1989 vilionyesha kuwa kondomu ya lateksi iliyokutana na mafuta ya madini, jamii ya yale ya kumpaka mtoto, kwa sekunde 60 tu ilipoteza takriban asilimia 90 ya uimara wake. Hoja ya "tunapaka kidogo" haisaidii hapo. Mafuta ya nazi, ya alizeti, siagi na losheni nyingi za mwilini yako kundi moja. Wanaotibu fangasi nao wawe macho: krimu na vidonge vya clotrimazole vya kuweka ukeni vinaweza kudhoofisha lateksi, kwa hiyo kondomu isitegemewe peke yake wakati wa dozi na siku 5 baada ya kuimaliza.

Pakiti ya kondomu ndiyo inayoamua. Ikiwa ni ya lateksi, au ya poliisoprini wanayotumia wenye mzio wa lateksi, chukua kilainishi cha maji au cha silikoni. Kondomu ya poliuretani, na ile ya kike ya naitraili, hustahimili hata mafuta. Lakini mafuta yana shida nyingine: hayatoki kwa maji, hubaki ndani, na matumizi ya mafuta ya mgando ukeni yamehusishwa na kuvurugika kwa bakteria wazuri wa humo.

Cha maji ndicho cha kuanzia. Ni rahisi kuosha, hakiachi doa kwenye shuka, na kinaelewana na kondomu zote na vifaa vyote. Kasoro yake ni kukauka na kunata katikati ya tendo. Cha silikoni hakikauki na hudumu hata majini, ila kinataka sabuni kukitoa, kinaharibu vifaa vilivyotengenezwa kwa silikoni, na kikidondoka kwenye sakafu ya vigae mtu anaweza kuvunjika mguu. Mate hukauka upesi na yanaweza kuhamisha vijidudu. Sabuni inachubua. Jeli ya ultrasound imetengenezwa kwa ajili ya kipimo juu ya ngozi, si kwa matumizi ya ndani.

Sasa lebo. Vilainishi vya maji havifanani, na tofauti kubwa ni jinsi vinavyovuta maji kutoka kwenye seli. Kilainishi chenye gliserini au propilini glikoli nyingi kupita kiasi hufyonza maji ya ngozi laini ya ndani, kama chumvi inavyomfanyia samaki anayeandaliwa kuwa ng'onda. Seli husinyaa, hubanduka, na njia ya maambukizi inabaki wazi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2012: osmolaliti, yaani kipimo cha nguvu hiyo ya kuvuta maji, isizidi 1,200 mOsm kwa kilo, na bora iwe chini ya 380. Majimaji ya uke yenyewe yako kati ya 260 na 290 hivi. Lebo nyingi hazitaji namba hiyo, kwa hiyo angalia mpangilio wa viambato, ambao huanzia kilicho kingi. Ukiona glycerin au propylene glycol inafuata mara tu baada ya maji, rudisha kwenye rafu na utafute chenye hydroxyethylcellulose badala yake.

Kuhusu pH, yaani kipimo cha asidi, uke wenye afya una asidi, kati ya 3.8 na 4.5, kwa hiyo kilainishi chake kikaribie 4.5. Njia ya haja kubwa inataka kati ya 5.5 na 7. Njia hiyo haitoi ute wa kutosha kulainisha, na ukuta wake wa ndani ni safu moja tu ya seli. Huko kilainishi ni lazima, kiwe kizito kiasi na kiwekwe kingi zaidi.

Epuka chenye nonoxynol-9: ni dawa ya kuua mbegu za kiume, na ikitumika mara kwa mara huchubua na kuongeza hatari ya kupata VVU badala ya kuipunguza. Chlorhexidine huua bakteria wanaoulinda uke. Lidocaine au benzocaine hutia ganzi, na maumivu yakizimwa mtu hajui kuwa anachanika. Vya "kupasha joto" na vyenye ladha ya sukari waachie wanaopenda kuwashwa na fangasi.

Kabla ya kutumia kipya, paka tone moja upande wa ndani wa mkono na usubiri saa 24. Kukiwa na vipele au muwasho, basi.

Siku ya kutumia, osha mikono. Dondosha tone moja au mawili, si zaidi, ndani ya ncha ya kondomu kabla ya kuivaa. Ukizidisha, kondomu itateleza na kuchomoka. Ikishavaliwa, paka nje yake takriban nusu kijiko cha chai, na kiasi kama hicho kwenye mlango wa uke. Kikianza kunata, watu hukimbilia kuongeza kingine, lakini matone machache ya maji safi hukiamsha upya, na ndipo uongeze ikibidi. Baada ya tendo osha sehemu za nje kwa maji; ndani ya uke hakuoshwi. Pakiti ndogo iliyofunguliwa hailali hadi kesho. Chupa ifunikwe na iwekwe mbali na jua na joto la gari.

Wanaotafuta mtoto wana kanuni yao: mate na vilainishi vingi vya kawaida hupunguza mwendo wa mbegu. Nunua kilichoandikwa wazi kuwa kinafaa kwa wanaotaka kushika mimba.

Ukavu si dalili kwamba mke hampendi mumewe, na unyevu si aibu ya kukaushwa kwa shabu au unga wa mitishamba, ambavyo huacha michubuko. Kunyonyesha, kukoma hedhi, tiba ya saratani na hata dawa za mafua na mzio hupunguza ute. Kwa ukavu wa kila siku, kilainishi cha wakati wa tendo hakitoshi. Kuna vilowanishi vya uke vinavyowekwa kila baada ya siku 2 au 3, na daktari anaweza kuandika estrojeni ya kuweka ukeni. Maumivu yasiyoisha au damu baada ya tendo ni sababu ya kupimwa, pamoja na mlango wa kizazi.

Na kondomu ikishapasuka, kwa mafuta au kwa sababu nyingine, saa zinahesabika. Dawa za PEP za kuzuia VVU zianzwe ndani ya saa 72, na kidonge cha dharura cha kuzuia mimba ndani ya saa 120, vyote mapema iwezekanavyo. Ukifika kituoni, taja na mafuta mliyotumia.