Namna ya Kuandaa Matanga ya Mwigizaji wa Televisheni Tuliyempenda

Tamthilia za Meksiko ziliingia katika nyumba za Lubumbashi zikisema Kifaransa, na katika komini za Katuba na Kamalondo kulikuwa na jioni ambapo majirani walijazana sebuleni kwa mwenye televisheni, mtoto mmoja wa shule akiwafasiria bibi zake kwa Kiswahili. Ndiyo maana mwigizaji anapofariki huko mbali, watu huku hutaka kukaa pamoja, na si vibaya wakae kwa utaratibu.

Kwanza hakikisha amefariki kweli, kwa sababu waigizaji huzikwa kwenye simu zetu mara kadhaa kabla ya siku yao kufika. Tafuta tamko la familia, la kituo cha televisheni alichofanyia kazi au la chama cha waigizaji cha nchi yake. Lubumbashi iko mbele ya jiji la Meksiko kwa saa 8, kwa hiyo habari inayotufikia saa moja jioni imetoka kwao saa tano asubuhi, na huenda ndugu zake bado wanapigiana simu. Ukisubiri hadi kesho yake hupotezi kitu.

Unapowaarifu wenzako, taja jina lake pamoja na jina la mhusika aliyemwigiza. Kwa mfano, Edith González, mwigizaji wa Meksiko aliyeigiza Salomé katika tamthilia ya jina hilo, alifariki jijini Meksiko tarehe 13 Juni 2019 akiwa na umri wa miaka 54. Ukimtajia mama wa jirani jina hilo peke yake atakuuliza ni nani, lakini ukimwambia ni yule Salomé, atavuta kiti aketi.

Kuhusu mkutano wenyewe, fanya kidogo. Alasiri moja ya Jumapili baada ya ibada inatosha, uani kwa mtu, kwa viti vya kuazima. Usifunge barabara kwa turubai, usiwaagize watu kununua vitenge vya sare, wala usiwakeshe usiku kucha, kwa maana hayo ni haki ya mwenye maiti. Na ikiwa kwenye avenyu yenu kuna nyumba yenye msiba, ahirisheni, mwende kwanza mkae na wafiwa.

Jambo ambalo waandaaji wengi hulisahau ni sauti. Sauti tuliyoizoea haikuwa yake, bali ya mwanamke mwingine aliyeingiza maneno ya Kifaransa studioni, na mimi naona ni aibu kidogo kumlilia mtu ambaye hujawahi kumsikia akisema. Tafuta mahojiano yake kwa Kihispania, uyapakue mapema wakati umeme upo, uchaji betri na spika, kisha uwaonyeshe watu dakika tano tu kabla ya kuwawekea kipande cha tamthilia. Wengine watacheka kwanza, kwa sababu sauti itakuwa nene au nyembamba kuliko walivyodhani. Waache wacheke, kisha waombe wakubwa wasimulie walikuwa wapi na walikuwa na nani walipomtazama. Sehemu hii usiiwekee saa. Mara nyingi watakaotajwa zaidi ni wale waliokuwa wakikaa kwenye mkeka huo na sasa hawapo.

Kama familia imetangaza ugonjwa uliomuua, mwalike muuguzi aueleze. Edith González aliuawa na kansa ya ovari, ambayo wengi huichanganya na ya mlango wa kizazi, ingawa kipimo cha mlango wa kizazi hakiigundui. Muuguzi ataje dalili zake: tumbo kujaa kwa muda mrefu, kushiba upesi, maumivu ya chini ya tumbo na kukojoa mara kwa mara. Kama familia imenyamaza, nanyi nyamazeni.

Mchango uwe wa soda, mikate na mafuta ya jenereta tu, na mtunza fedha asome hesabu mbele ya wote kabla watu hawajatawanyika. Anayewataka mtume fedha nje kwa ajili ya mazishi, mkatalieni.

Picha ya marehemu mtakayoichapisha msigombanie. Mpeni mwenye ile sebule, aliyetuvumilia miaka yote na viatu vyetu vyenye vumbi mlangoni pake.