Tiba ya tabia kwa mtoto mwenye usonji: mambo ambayo familia inapaswa kuyajua

Mzazi anapoelezwa hospitalini kwamba mtoto wake ana usonji, yaani hali ya ukuaji inayogusa mawasiliano na namna ya kuhusiana na watu, mara nyingi huondoka na ushauri mfupi tu kwamba mtoto "aanzishiwe tiba", bila kufafanuliwa tiba hiyo ni ipi, hufanywaje na itambadilishia mtoto jambo gani. Usonji hauna dawa ya kuuondoa, na vidonge ambavyo baadhi ya watoto huandikiwa, kama vile risperidone, hulenga kupunguza hasira kali na tabia ya kujidhuru. Tiba ya tabia kwa upande wake ni mafunzo. Humfundisha mtoto stadi anazozikosa, kama kuomba, kusubiri, kuvaa, kwenda chooni na kucheza na wenzake, na huwafundisha wanaoishi naye namna ya kujibu matendo yake.

Msingi wake ni kwamba tendo linalomletea mtu anachokitaka hurudiwa, na lisilomletea kitu hufifia. Kwa hiyo mtaalamu huchunguza mambo matatu: kilichotangulia tendo, tendo lenyewe, na kilichofuata. Tumchukue mtoto wa miaka minne asiyezungumza, ambaye kila akifika dukani hujitupa chini na kupiga kelele. Mama, kwa kuwaonea haya watu waliopanga foleni, humnunulia biskuti ili anyamaze. Siku ya pili mtoto hujitupa tena, na kwa kweli hana kosa, maana hiyo ndiyo njia pekee ya kuomba ambayo imewahi kumfaa. Kofi halitamfundisha njia nyingine. Kitakachomsaidia ni kufundishwa kunyoosha kidole, kutoa kadi yenye picha ya biskuti, au kutamka "nipe", kisha apewe papo hapo kila anapofanya hivyo, hata kama neno limetoka nusu.

Hata hivyo, tendo hilohilo linaweza kuwa na sababu nyingine kabisa. Huenda mtoto anaikimbia redio ya muuza duka, joto, au msongamano wa watu wanaomgusagusa, na hapo biskuti haitasaidia chochote. Ndiyo maana ninawashauri wazazi waanze na daftari kabla hata ya kumtafuta mtaalamu. Kwa wiki moja au mbili, andika kila tukio gumu: saa, mahali, nani alikuwepo, nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, na ninyi mlifanya nini. Usiandike "alikuwa mkorofi". Andika "alipozimiwa televisheni alijipiga kichwani mara nne, bibi akaiwasha tena". Kurasa chache za namna hiyo zitamfaa mtaalamu kuliko maelezo marefu yaliyotolewa kwa kumbukumbu.

Mabadiliko ya ghafla yasihukumiwe kuwa tabia kabla ya kuuchunguza mwili. Mtoto asiyeweza kusema kwamba jino linamuuma anaweza kujipiga shavuni, na mwenye tumbo lililofunga choo kwa siku kadhaa anaweza kukataa kuketi. Hakikisheni usikivu wake umepimwa, na mkimwona akiduwaa na kukodoa macho bila kuitika, mwelezeni daktari, kwa kuwa kifafa huwapata watoto wenye usonji zaidi ya watoto wengine.

Wazazi wengi huuliza kuhusu saa, kwa sababu wamesikia kwamba tiba isiyofika saa 40 kwa wiki ni bure. Hesabu hiyo ilipata umaarufu mwaka 1987, pale mwanasaikolojia Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alipochapisha matokeo ya watoto 19 waliofundishwa kwa kiasi hicho kwa miaka miwili au zaidi, na 9 kati yao wakaingia darasa la kwanza la kawaida na kupata alama za kawaida za akili. Kinachosahaulika ni kwamba watoto hao na wale waliolinganishwa nao hawakugawanywa katika makundi kwa bahati nasibu, jambo linalodhoofisha ulinganisho, na kwamba adhabu, likiwemo kofi la pajani, ilikuwa sehemu ya mafunzo. Tangu hapo zimeendelezwa njia zinazofundisha ndani ya michezo na shughuli za kila siku, kama ile ya Denver iliyobuniwa na Sally Rogers na Geraldine Dawson kwa watoto wadogo. Familia isiyoweza kulipia saa 40 isijione imemnyima mtoto maisha yake. Saa chache zinazoendelezwa nyumbani kila siku zina thamani.

Wapo pia watu wazima wenye usonji, waliopitia tiba hii utotoni, wanaosema kwamba walilazimishwa kutazama watu machoni na kuacha kupunga mikono, mambo ambayo hayakumdhuru mtu yeyote, na kwamba zoezi hilo liliwaachia maumivu. Naona malalamiko yao yana uzito, na mzazi ayatumie kama kipimo cha kila lengo. Kufundishwa kuvuka barabara kwa usalama, kusema "sitaki" au kujisafisha chooni kunamfaa mtoto mwenyewe. Kufundishwa kukaa bila kuyumbayumba ili wageni wasishangae kunawafaa wageni.

Mnapomchagua mtaalamu, mwulizeni amesomea nini na nani humsimamia, malengo huandikwa na nani, maendeleo hupimwaje, na hufanya nini mtoto anapolia au kukataa. Ombeni kukaa ndani ya chumba wakati wa kipindi. Kituo kinachowafungia wazazi nje siku zote, kinachompiga mtoto, kinachomnyima mlo ili atii, au kinachoahidi kwamba "atapona" baada ya miezi fulani, kiacheni, hata kama mmeshalipa. Kwa kawaida tiba ya tabia huenda pamoja na tiba ya lugha na tiba kwa vitendo, yaani ile inayomjengea mtoto uwezo wa kufanya shughuli za kila siku, na wataalamu hao wanapaswa kuzungumza wao kwa wao.

Nyumbani anzeni na stadi moja. Mathalani kuvaa fulana: mama humvalisha kichwa na mikono yote miwili, kisha humwachia mtoto hatua ya mwisho tu, yaani kuishusha fulana hadi kiunoni, na hapo humpongeza na kumpa dakika chache za kichezeo akipendacho. Hatua hiyo ikizoeleka, humwachia na mkono wa pili, halafu wa kwanza, akirudi nyuma hadi mwanzo. Mtoto humaliza kila mara kwa kufanikiwa, na msaada hupunguzwa polepole.

Jambo linalovunja familia nyingi moyo ni hili: tendo linapoacha kuleta kile lililokuwa likikileta, mara nyingi huzidi kwa muda kabla ya kupungua. Mtoto aliyezoea kupewa simu kwa kulia atalia kwa nguvu zaidi siku za mwanzo, na ikiwa baba atachoka siku ya tatu na kumpa, mtoto atakuwa amejifunza kwamba kulia kwa muda mrefu ndiko kunakofaa. Basi makubaliano yawahusu wote wanaoishi naye, tangu bibi hadi dada wa kazi. Ikiwa tendo lenyewe ni la kujiumiza, msijaribu kulipuuza wenyewe bila mtaalamu.

Mahali ambapo wataalamu ni wachache, mlezi aliyefundishwa ndiye tegemeo. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, yenye vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, na yametengenezwa ili yaweze kuendeshwa hata na wasio mabingwa. Shule chache za serikali nazo zina vitengo vya usonji, kama Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam na City Primary jijini Nairobi, na wazazi wa huko huwa wanajua vituo vipi vinaaminika.

Familia zinazozungumza Kisambaa au Kijaluo na Kiswahili pia mara nyingine huambiwa ziache lugha moja. Tafiti hazijaonyesha kwamba lugha mbili humdhuru mtoto mwenye usonji, kwa hiyo msimwondolee lugha ya bibi yake.

Baada ya takribani miezi mitatu, kaeni na mtaalamu mpitie kumbukumbu. Lengo lisilosogea ligawanywe katika hatua ndogo zaidi, au zawadi ibadilishwe, kwani huenda mtoto ameichoka. Akianza shule, mwandikieni mwalimu ukurasa mmoja tu: anaombaje maji na choo, sauti zipi humtisha, nini humtuliza, na nini kisifanywe anapozidiwa.