SOMO: Kusoma protini za damu kwenye karatasi ya labo ya mama mwenye mimba

Kila juma natumiwa picha ya karatasi na swali lilelile: "Albumini imeshuka, mama ana njaa?" Albumini ni protini kuu ya damu. Naandika mara moja, tuwe tunarudi hapa.

1. Uliza mimba ina wiki ngapi.

2. Mama aketi robo saa kwanza. Aliyepanda kilima kutoka Kadutu, mtaa wa Bukavu, kwa miguu, protini zake husomeka juu kidogo.

3. Garo (mkanda wa kufunga mkono wakati wa kutoa damu). Hapa ndipo karatasi nyingi zinaharibika. Ikibana zaidi ya dakika moja, maji hutoka mshipani, protini zinabaki, namba inapanda. Usimwambie akunje na kukunjua ngumi. Mshipa ukikataa kuonekana, legeza, subiri, anza upya. Angalia sana: mama ambaye albumini yake imeanguka kweli anaweza kuonekana mzima kwa sababu ya garo tu, na ndiye huyo tuliyekuwa tunamtafuta.

4. Albumini. Nje ya mimba ni kati ya 35 na 50 g/l. Mimba huongeza maji ya damu karibu nusu, basi karibu na 30 mwishoni si ajabu. Fibrinojeni (protini ya kugandisha damu) yenyewe hupanda, mwili ukijiandaa kwa damu ya kuzaa.

5. Mwenye kisukari: albumini yake hushuka vilevile, kwa hiyo haikwambii lolote kuhusu sukari. Tazama sukari iliyonata kwenye protini. Lakini HbA1c (sukari iliyonata kwenye hemoglobini, protini ya chembe nyekundu) katika mimba husoma chini, maana chembe nyekundu haziishi muda wake wa kawaida. Usimwachie mama kwa HbA1c nzuri peke yake. Wiki ya 24 hadi 28, anywe glukozi gramu 75 akiwa hajala: 92 kabla ya kunywa, 180 baada ya saa 1, 153 baada ya saa 2 (mg/dl). Namba moja ikifika hapo, ni kisukari cha mimba.

6. Presha na mkojo, kila mara.

MASWALI

— Albumini 31. Nimwekee seramu (maji ya mshipani)?
— Wiki ngapi?
— 34.
— Presha? Mkojo?
— Sijapima.
— Soma hatua ya 6. Ikiwa 140/90 na protini zipo kwenye mkojo, apelekwe hospitali leo. Seramu haitibu hilo.

— Dada, aksanti. Mama akiwa SS (mwenye selimundu), HbA1c inafaa?
— Swali zuri sana, kaka. Haifai: hemoglobini yake ni nyingine na chembe zake hufa mapema. Fuata glikemi ya kidole (sukari ya damu inayopimwa kidoleni), asubuhi na baada ya kula. Labo ikiwa na kipimo cha albumini yenye sukari, hicho huonyesha wiki 2 hadi 3 zilizopita na hakitegemei chembe nyekundu.

— VS (kasi ya chembe nyekundu kuzama) ya mke wangu iko juu, wamempa antibiotiki.
— Fibrinojeni ikipanda, VS hupanda nayo. VS peke yake si sababu ya antibiotiki kwa mjamzito. Rudini kwa muganga mumuulize ameona nini kingine.

— Na kalsiyumu? Yetu imesoma chini.
— Karibu asilimia 40 yake husafiri juu ya protini, hasa albumini, basi hushuka nayo. Inayoelea peke yake kwa kawaida haibadiliki.

— Wangu alitapika glukozi.
— Kipimo hakihesabiki. Arudi asubuhi nyingine, na safari hii ainywe taratibu ndani ya dakika 5, akiwa ameketi.