Mambo ya kuzingatia kabla ya kuosha mboga na matunda yaliyopuliziwa dawa

Nyanya iliyofika sokoni ikiwa bado na kikonyo chake ina mengi ya kumwonyesha mnunuzi. Ukiisogeza karibu na macho, mara nyingi utaona katika kile kishimo cha kikonyo utando mweupe au wa manjano hafifu, uliokauka kama chokaa, ambao hufutika ukiupitishia kidole kilicholowa maji. Aghalabu hayo ni mabaki ya dawa ya ukungu. Kinachofutika namna hiyo ndicho tunachoweza kukiondoa jikoni. Dawa iliyokwisha kupenya ndani ya tunda haitolewi kwa maji, chumvi wala siki, na ndiyo maana nasisitiza kwamba sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla beseni halijajazwa maji.

Jambo la kwanza ni kujua dawa hukaa wapi. Baadhi ya viuatilifu, kama mankozebu inayotumiwa sana kwenye nyanya na viazi, hubaki juu ya ganda au jani. Vingine, kama imidaklopridi, hufyonzwa na mmea na kusafiri ndani yake hadi kwenye majani na matunda. Kwa hiyo kila dawa iliyosajiliwa huwa na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko chake, yaani siku zinazopaswa kupita tangu kupulizia hadi kuvuna, ili jua, mvua na mmea wenyewe viivunjevunje. Tatizo la nyanya ni kwamba zikianza kuiva huchumwa kila baada ya siku chache, na mkulima anayeogopa kupoteza zao lote kwa ukungu au kwa kantangaze, mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, hupulizia katikati ya mchumo mmoja na mwingine. Simlaumu, kwa kuwa mtaji wake wote uko shambani, lakini anayekula ndiye anayezipokea siku zilizokatwa. Kama unanunua kwa mkulima au kwa muuzaji unayemfahamu, muulize bila kumshutumu: shamba lilipuliziwa lini mara ya mwisho? Mteja wa kila wiki hujibiwa kwa ukweli zaidi kuliko mpita njia.

Jambo la pili ni kuosha kabla ya kukata na kabla ya kumenya, kwa kuwa kisu hubeba kilicho juu ya ganda na kukiingiza ndani. Maji yanayotiririka, pamoja na kusugua kwa mkono, hufanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kituo cha utafiti wa kilimo cha jimbo la Connecticut, Marekani, kilipopima dawa 12 kwenye mazao yaliyooshwa, kilikuta kwamba maji ya bomba peke yake yalipunguza mabaki ya 9 kati yake, na kwamba sabuni maalumu za matunda hazikuyashinda maji. Sabuni ya vyombo au ya unga isitumike kabisa, kwa sababu nyanya na mboga za majani huifyonza, na hapo utakuwa umeondoa kemikali moja na kuweka nyingine.

Anayetaka kufanya zaidi anaweza kutumia soda ya kuokea, si hamira wala magadi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walipaka tufaha dawa mbili, wakasubiri saa 24, kisha wakayaloweka katika maji yenye gramu 10 za soda hiyo kwa lita, sawa na takriban vijiko viwili vya chai. Dawa iliyokuwa juu ya ganda iliisha baada ya dakika 12 kwa moja na 15 kwa nyingine. Lakini asilimia 20 ya dawa ya kwanza, thiabendazoli, ilikwisha kupenya ndani, na hiyo haikutoka. Kuloweka kwa dakika mbili tatu, kama tufanyavyo wengi wetu, hakulingani na jaribio hilo, kwa hiyo tenga muda kabla hujawasha jiko, kisha suuza.

Kabichi huhitaji kuvuliwa majani mawili matatu ya nje, nayo yatupwe. Mchicha na sukuma wiki vitenganishwe jani kwa jani, kwa kuwa fungu likioshwa likiwa limefungwa huloa nje tu.

Usitegemee moto. Kuchemsha hupunguza baadhi ya dawa, lakini mankozebu ikipikwa hugeuka kuwa kemikali nyingine, ethilini-thiourea, inayodhuru tezi ya shingo. Nyanya ya mchuzi inastahili kuoshwa kwa uangalifu uleule wa nyanya ya kachumbari. Tena, maji ya kusuuzia kitakacholiwa kibichi yawe yale unayoweza kuyanywa. Mahali penye kipindupindu, maji machafu ni hatari ya karibu zaidi kuliko dawa yenyewe. Hofu ya dawa isikufanye uwanyime watoto mboga, kwani hasara ya kuzikosa ni kubwa na ya hakika.

Nafaka husahaulika, ilhali mahindi na maharage mengi huhifadhiwa kwa dawa ya unga. Uliza yalitiwa dawa lini, yapepete nje huku upepo ukikutoka mgongoni, kisha yaoshe na kubadilisha maji hadi yatoke maangavu. Ukikuta ndani ya gunia majivu ya kijivu ya vidonge vya kufukizia, usiyachambue kwa mikono wala usiingize gunia hilo chumba cha kulala, kwa sababu mabaki hayo huweza kuendelea kutoa gesi ya sumu. Mrudishie aliyekuuzia.