Kukagua Viluwiluwi wa Mbu wa Dengue Nyumba kwa Nyumba

Aedes aegypti, mbu mkuu anayeeneza homa ya dengue, hupenda maji yaliyotulia ndani ya vyombo: pipa la bafuni, tairi, kifuu cha nazi, kisahani cha chungu cha maua. Ndiyo maana Dar es Salaam, iliyokumbwa na dengue mwaka 2014 na tena 2019, mitaro pekee haitoshi kukaguliwa.

Beba tochi, kata, bakuli jeupe, bomba la kunyonyea, vichupa vyenye vifuniko, fomu na penseli, maana wino ukiloa hufutika. Ongozana na mjumbe wa mtaa.

Ukifikia chombo, usikitikise. Simama pasipo kivuli chako kuangukia maji, ndipo umulike. Viluwiluwi wakishtuka huzama, na mwenye haraka huandika "hakuna". Subiri dakika moja au mbili, wataibuka kupumua. Wa Aedes huning'inia kichwa chini, wana mrija wa kupumulia mfupi na mnene, na huogelea wakijipinda kama herufi S. Wa Culex, aina nyingine ya mbu, wana mrija mrefu mwembamba. Wa Anopheles, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Chukua sampuli kwa ajili ya maabara. Tairi halichoteki kwa kata: nyonya maji kwa bomba, uyamimine kwenye bakuli.

Hesabu pupa, yaani hatua kati ya kiluwiluwi na mbu kamili, peke yao. Pupa hali tena, na baada ya siku mbili hivi huwa mbu, kwa hiyo pipa lenye pupa wengi lishughulikiwe kwanza.

Tuseme umekagua nyumba 50 zenye vyombo 120. Nyumba 9 na vyombo 14 vina viluwiluwi. Kiwango cha nyumba ni 18%, cha vyombo 11.7%, na cha Breteau, yaani vyombo vyenye viluwiluwi kwa kila nyumba 100, ni 28.

Kumwaga maji tu hakutoshi! Mayai hugandamana ukutani juu kidogo ya maji na hustahimili ukavu kwa miezi. Sugua kuta kwa brashi ngumu, kisha funika chombo barabara. Pipa lisiloweza kumwagwa, afisa afya hutia chembechembe za temefosi, dawa ya kuua viluwiluwi, za 1%, gramu 10 kwa kila lita 100. Kipimo hufuata ujazo wa pipa zima, hata kama maji yamefika nusu, kwa sababu litajazwa tena.

Rudi kila wiki. Kwenye joto, yai huweza kuwa mbu kwa siku 7 hadi 10. Nyumba uliyoikuta na kufuli iandikwe "imefungwa", isihesabiwe kuwa safi, na uirudie jioni wenyewe wakiwepo.